Gari Halifi kwa Uzee, Linakufa kwa Mpira Uliopasuka

Haya, leo nina ugomvi. Na ugomvi wenyewe ni na ninyi wasomi wenzangu wa mjini, ambao kila mkisikia gari dogo la abiria limepata ajali huko mikoani jibu lenu ni moja: "Mikweche hiyo, ipigwe marufuku!" Mkweche. Neno tamu mdomoni, halina gharama, na linafunga mjadala kabla haujaanza. Mtu hajui hata Mtendeli iko wilaya gani (Kakonko, jamani, ile iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012), lakini ugonjwa wa magari ya huko anaujua: uzee.

Nasema hivi: uzee sio ugonjwa. Chukua Toyota Starlet, ile ndogo ambayo karibu kila ukoo hapa Bongo una mjomba aliyewahi kuimiliki. Starlet ya kwanza kuvutwa na tairi za mbele ilitoka mwaka 1984, na ya mwisho kabisa ikatoka kiwandani 1999. Kwa hiyo hata kitinda mimba wao ana zaidi ya robo karne. Injini yake bado inawaka asubuhi ya baridi ya milima ya Kibondo. Giaboksi inaingia. Bodi ina kutu kidogo, sawa. Kinacholiangusha mara nyingi ni kitu kidogo mno kiasi kwamba hakuna anayekitaja: mpira unaofunika sivi jointi. Mafundi wanauita buti (sio ile buti ya kuwekea mizigo, usije ukaenda kufungua nyuma).

Nieleze kidogo maana wengi tunapanda gari bila kujua kinachotuvuta. Tairi ya mbele ya gari la aina hii ina kazi mbili kwa wakati mmoja: inavuta gari na inakata kona. Chuma kilichonyooka kutoka giaboksi hakiwezi kupinda, kwa hiyo kila shafti ina viungo viwili, kimoja upande wa giaboksi na kingine upande wa tairi. Hicho cha nje ndicho chenye kazi ngumu: ndani yake kuna gololi sita zinazoteleza kwenye mifereji, zimeshikwa na kizimba, zote zinaogelea kwenye grisi nyeusi. Chuma kinapinda huku kinazunguka, na tairi haisikii mshtuko wowote. Ubunifu wa Alfred Rzeppa huo, miaka ya 1920. Ulipata umaarufu kwenye magari madogo pale Alec Issigonis alipotoa Mini huko Uingereza mwaka 1959. Yaani teknolojia yenyewe ni bibi kizee, na hata gari jipya kabisa la tairi za mbele linaloshuka bandarini leo linatembelea wazo lilelile. Sasa nani mkweche?

Kiungo hiki kikikaa ndani ya grisi safi kinaweza kuishi miaka na miaka. Mpira ukipasuka, habari nyingine inaanza. Tairi ikizunguka inairusha grisi nje (chungulia ndani ya rimu, utaona michirizi myeusi), na pale ilipotoka inaingia barabara yenyewe. Na barabara ya huku nyote mnaijua walau kwa picha: udongo mwekundu, kiangazi ni vumbi kama unga, masika ni tope. Lami imekuwa ikiletwa kipande kwa kipande kwenye njia kuu ya Kasulu, Kibondo na Kakonko, lakini ukichepuka tu kwenda vijijini unarudi kwenye changarawe. Changanya vumbi hilo na grisi iliyobaki, umepata msasa. Gololi zinajisaga zenyewe.

Halafu tunaongeza mateso kwa hiari yetu. Mchomoko wa watu watano unabeba tisa, dereva anabanana na abiria kwenye siti moja, juu magunia ya maharage. Ili chini kusigonge mawe, mwenye gari anaagiza liwekewe spesa kwenye springi linyanyuke. Linapendeza kweli, limesimama kama jogoo! Ila ukilinyanyua bodi, shafti inalazimika kukaa imepinda muda wote hata gari likienda njia iliyonyooka. Mpira unakunjwa zaidi, kiungo kinafanya kazi kwenye pembe ambayo hakikupangiwa.

Dalili zinajulikana na kila mtu. Ukikata kona kali unasikia "ka-ka-ka-ka" kutoka tairini. Kila abiria anasikia. Dereva naye anasikia, na dawa yake ni kuongeza sauti ya redio.

Sasa sikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo pa roho za watu. Mnapanda mlima, gari limejaa, kiungo kinakatika. Ninyi wa mjini mnadhani tairi ya upande wa pili itaendelea kuvuta. Haivuti! Difu ya kawaida inapeleka nguvu yote kule kusiko na upinzani, yaani kwenye kile chuma kilichokatika, kinazunguka bure. Gari linapoteza mwendo, linaanza kurudi nyuma. Kama ni otomatiki, dereva akiweka P akidhani amelishika, haishiki, kwa sababu P inafunga giaboksi, na kati ya giaboksi na tairi hakuna tena muunganisho kamili. Lenye gia za mkono nalo hali ni hiyohiyo, uache umeweka gia namba moja au usiweke. Kinachobaki ni breki ya mguu na hendibreki. Na hendibreki ya mchomoko, wote tunajua, kamba yake ilishakatwa zamani. Ndio maana kuna kijana wa kuruka na jiwe kuliweka nyuma ya tairi. Jiwe! Mama mjamzito anayewahishwa hospitali ya wilaya, usalama wake umekabidhiwa jiwe.

Serikali nayo inafikiri kama ninyi. Ukiagiza gari kutoka Japani likiwa limezidi umri uliowekwa, unalipishwa kodi ya uchakavu. Umri ndio kipimo. Hakuna kodi ya mpira uliopasuka. Barabarani utaulizwa leseni, bima, stika ya Nenda kwa Usalama, mtungi wa kuzimia moto, na zile pembetatu mbili. Sawa, viulizwe. Lakini mimi katika safari zangu zote za kutafuta habari sijaona mtu amepiga goti akachungulia nyuma ya tairi ya mbele. Sekunde kumi tu. Huhitaji mashine wala kompyuta, unahitaji tochi ya simu.

Wakati kambi ya Mtendeli ilipokuwa na wakimbizi kutoka Burundi, tangu ilipofunguliwa tena 2016 hadi ilipofungwa 2021, magari yaliyozoeleka huko ni yale Land Cruiser meupe ya mashirika. Mliwahi kujiuliza kwa nini yale hayalii ka-ka-ka hovyo? Bajeti ya matengenezo, ndiyo. Lakini pia kwenye yale ya ekseli nzima mbele, kiungo kimefichwa ndani ya bakuli la chuma lenye sili yake. Jiwe linagonga chuma. Kwenye Starlet na Corolla jiwe linagonga mpira mtupu. Kwa maneno mengine, gari la tajiri limevaa kiatu, la maskini linatembea peku, halafu tunamlaumu maskini kwamba ana nyayo zilizopasuka.

Mafundi nao siwaachi. Ukipeleka gari lenye mpira uliochanika, utafungiwa kipande cha tyubu juu yake, uambiwe "inasukuma". Au utauziwa shafti nzima ya mtumba, ifungwe na mpira wake mzee uleule iliokuja nao kutoka Japani. Baada ya muda si mrefu, wimbo ni uleule! Kazi ya maana inajulikana: nati ya habu inalegezwa gari likiwa bado chini, boli jointi na tairodi endi zinafunguliwa, shafti inatoka, kiungo kinaoshwa mpaka mifereji ing'ae. Ikiwa gololi zimechimba vishimo kwenye mifereji, hapo hakuna grisi itakayokuokoa, kiungo kinabadilishwa, na unahesabu meno ya kipya kabla hujalipa. Ikiwa mifereji ni laini, unaweka grisi ya moli nyeusi, sio ile ya njano ya bearing, na mpira mpya wenye klipu za chuma pande zote mbili. Nati inarudishwa na kotapini mpya. Kwa Corolla nyingi inakazwa zaidi ya Nyutoni mita 200, sio kwa kukisia na bomba.

Mpira wenyewe haufiki bei ya nusu tangi ya petroli. Lakini kuubadilisha kunakula nusu siku, na nusu siku ni nusu hesabu. Hapo ndipo penyewe, wala sio kwenye uzee. Bosi yuko Kasulu mjini au Dar, anataka hesabu yake jioni, kamili, na dereva deiwaka akisema "gari lilikuwa gereji" kesho ufunguo anapewa mwingine. Kwa hiyo anaendesha na ka-ka-ka yake.

Basi kama ni lazima kitu kipigwe marufuku, napendekeza ipigwe marufuku hesabu ya siku gari linapokuwa juu ya jeki. Wabunge wa Kigoma mnapita sana njia hizi, ingawa najua vioo huwa mmepandisha.