Kisu Peke Yake Hakitoshi
Mwanamume wa Songwa ambaye saratani ya tezi dume imeshaingia mifupani anastahili kuelezwa tiba zote, si kuondolewa korodani tu. Upasuaji huo si wa kudharauliwa: tangu Charles Huggins alipodhihirisha faida yake mwaka 1941, unakata homoni inayolisha uvimbe, tena kwa gharama ya mara moja, nafuu kubwa kwa asiyemudu sindano za kuzuia homoni hiyo na nauli ya kwenda hospitali ya Bugando kila baada ya miezi kadhaa. Lakini utafiti wa STAMPEDE wa 2017 ulionyesha kuwa vidonge vya abirateroni vikiongezwa mapema kwenye tiba ya kukata homoni, wagonjwa 83 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka mitatu, dhidi ya 76 waliokosa vidonge hivyo. Wapo watakaosema dawa hiyo ni ya matajiri. Bei ni kikwazo cha kweli. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani liliitaja kuwa dawa muhimu mwaka 2019, na jaribio dogo la 2018 lilionyesha robo ya dozi, ikimezwa na chakula chepesi, ikishusha PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, karibu sawa na dozi kamili. Kupunguza dozi ni kazi ya daktari, kamwe si ya mgonjwa. Bohari ya Dawa na mifuko ya bima wapige hesabu zao kwa robo hiyo.