Hesabu za CWT zifike chumba cha walimu

Mwalimu hajagusa mshahara, asilimia 2 imeshakwenda Chama cha Walimu Tanzania. Hata asiye mwanachama aweza kukatwa, kwa jina la ada ya uwakala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu. Huyo analipa, kura hana.

Sheria hiyohiyo inataka hesabu zikaguliwe kila mwaka na wanachama waweze kuziona. Basi zibandikwe shuleni, kando ya ratiba ya vipindi: posho za vikao, nauli za viongozi, na fulana za Mei Mosi, ambazo kila mwaka huzua manung'uniko. Anayeomba uongozi wa chama aanze na ahadi hiyo. Kupandishwa madaraja na malimbikizo ya mishahara tutamuuliza baadaye, na kwa ukali zaidi.