Moshi wa Nyamasaria Una Mwenyewe

Masika yakianza, Nyamasaria, mtaa wa Kisumu, huingia kwenye habari kwa sababu ya mafuriko. Mto unaangaliwa, barabara ya kwenda Nairobi inazungumziwa, na familia zilizohamia madarasani zinahesabiwa. Kikohozi hakuna anayekihesabu.

Na huo ndio msimu wa moshi jikoni. Kuni zilizonyeshewa haziwaki sawasawa mpaka maji yaliyomo yageuke mvuke. Moto hukosa nguvu, na ambacho kingeungua hupanda kikiwa moshi. Mvua ikipiga kwa upande, mlango hufungwa. Mama anainama kupuliza huku machozi yanamtiririka, mtoto yuko mgongoni, na bati lililo juu ya mafiga limeshika masizi mazito yanayong'aa kama lami. Tangu 2021, Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chembe zile ndogo kabisa, zinazopenya hadi ndani ya mapafu, zisizidi maikrogramu 15 katika kila mita ya ujazo ya hewa kwa wastani wa saa 24. Kwenye majiko ya mafiga, vipimo hufika mamia.

Kiangazi nacho huleta moshi wa nje. Nyamasaria iko ukingoni mwa tambarare za Kano, na kiwanda cha sukari cha Miwani kilianzishwa huko 1922. Miwa iliyokauka hushika moto upesi, wakati mwingine kwa makusudi ili ukataji uwe rahisi, wakati mwingine kwa hujuma. Majivu hupeperuka hadi kwenye nguo zilizoanikwa. Mchana upepo wa ziwani huupeleka moshi bara. Usiku hewa baridi huteremka kutoka milima ya Nandi na moshi hukaa chini, karibu na watu. Ongeza hapo takataka zinazochomwa nyuma ya vibanda na makaango ya samaki yanayokolezwa kwa kuni.

Mawaidha ya kawaida ni kwamba mama anunue jiko bora. Upesi, jiko la udongo lililosambazwa sana magharibi mwa Kenya, kweli linapunguza kuni, na anayezinunua kwa fungu anaijua tofauti hiyo mfukoni. Lakini mapafu hayadanganyiki. Nchini Malawi, watafiti waligawa majiko ya kisasa ya kuni vijijini na kufuatilia watoto zaidi ya 10,000 walio chini ya miaka mitano. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2017: nimonia haikupungua. Miongoni mwa sababu walizozitaja ni kwamba watoto waliendelea kuvuta moshi kutoka kwingine, zikiwemo taka zinazochomwa. Jiko moja lililo safi ndani ya mtaa wenye moshi ni kazi nusu.

Basi tusimsimange mama. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya kaya nchini hupika hasa kwa kuni, na si kwa kukosa semina. Serikali iliondoa ushuru wa VAT kwenye gesi mwaka 2016, ikaurudisha kwa asilimia 16 Julai 2021, ikaupunguza hadi 8 mwaka uliofuata, kisha ikaufuta tena 2023. Aliyenunua mtungi wa kilo 6 wakati wa nafuu alijikuta, ushuru uliporudi, ameuegesha kona ya nyumba na kurudia mafiga. (Wanaotunga kodi hizo, bila shaka, hawapiki kwa kuni.)

Wa kuulizwa basi ni nani? Jibu limeandikwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa, sambamba na kelele na mabango ya matangazo. Mabango yanatozwa ada kwa hiyo yanafuatiliwa. Moshi hauleti shilingi. Kanuni za ubora wa hewa nazo zinakataza kuchoma taka ovyo hadharani, lakini asubuhi yoyote moshi wa plastiki unanuka kabla soko halijachangamka.

Kaunti ya Kisumu haihitaji miujiza. Iweke vipima hewa Nyamasaria na itangaze matokeo kama inavyotangazwa hali ya mvua. Izoe taka kabla wenye vibanda hawajazitia kiberiti. Ikae na wakulima wa Kano na wenye viwanda kuhusu siku na saa za kuchoma mashamba, ili isiwe jioni wakati hewa imetulia. Wanaokaanga samaki wakopeshwe mtungi na kichomeo kikubwa, walipe kidogo kidogo kutokana na mauzo.

Bajeti ya kaunti hutakiwa kupitishwa kufikia Juni 30, na kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Kwenye mikutano ya aina hiyo Nyamasaria huomba mitaro na barabara, na ina haki. Safari hii aulizwe pia afisa wa mazingira, mbele ya watu: katika makadirio haya, pesa za hewa ziko ukurasa gani?