Familia za wagonjwa wasiotarajiwa kupona zahitaji mpango, si zawadi za Krismasi pekee

KILA Desemba, magari ya abiria yanapoanza kumiminika kutoka Nairobi kuelekea Bonde la Ufa, mji wa Elburgon katika Kaunti ya Nakuru hubadilika sura. Waliokwenda mijini kutafuta riziki hurejea, mbuzi huchinjwa na makanisa hufurika waumini.

Hata hivyo, si kila boma huipokea sikukuu kwa vifijo. Zipo familia zinazokesha kando ya kitanda cha mzazi, mke au mtoto ambaye madaktari wamekwisha kusema kwamba maradhi yake hayana tiba. Kwao Krismasi huja na swali ambalo hakuna anayethubutu kulitamka: je, hii ndiyo ya mwisho?

Familia hizi si chache. Kwa mujibu wa makadirio ya shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka wa 2022 Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani wapatao 44,700, huku zaidi ya 29,000 wakifariki. Hao ni takriban watu 80 kila siku, na hiyo ni saratani pekee, bila kuhesabu maradhi ya figo, moyo na mengineyo.

Kinachokosekana katika jamii yetu si ukarimu. Mtu akifariki leo, kamati ya mazishi huundwa kabla ya jua kutua, na katika siku chache hupatikana fedha za jeneza, hema, chakula na magari. Kinaya ni kwamba marehemu huyo huyo huenda aliugua miezi sita akiuguzwa na binti mmoja tu, bila godoro la kufaa wala nauli ya kwenda kliniki.

Kwa ufupi, tumejifunza kumzika mtu kwa pamoja lakini hatujajifunza kumuuguza kwa pamoja. Desemba ndiyo huufichua upungufu huu kuliko mwezi mwingine wowote.

Kwanza, huduma hupungua. Elburgon ina hospitali yake ya umma, lakini mgonjwa anayehitaji wataalamu wa saratani hulazimika kusafiri kupitia Njoro hadi hospitali ya rufaa mjini Nakuru. Huko Nakuru ndiko iliko pia Nakuru Hospice, inayotoa tiba shufaa, yaani huduma ya kutuliza maumivu na kuifariji familia pale ambapo ugonjwa hauwezi tena kuponywa. Msimu wa sikukuu, nauli hupanda na kliniki nyingi za miadi hufungwa kwa siku kadhaa.

Pili, ipo dawa. Mofini ya kunywa, ambayo hutengenezwa kwa kuchanganya unga wake na maji, ni miongoni mwa dawa za bei nafuu zaidi za kutuliza maumivu makali ya saratani. Lakini kwa kuwa inadhibitiwa na sheria ya dawa za kulevya ya 1994, haipatikani katika kila duka la dawa mtaani. Chupa ikiisha mkesha wa Krismasi, mgonjwa aweza kulia kwa uchungu hadi ofisi zitakapofunguliwa.

Wakenya hawajasahau Desemba ya 2016, ambapo madaktari wa hospitali za umma waligoma kuanzia tarehe 5 na mgomo ukadumu siku 100. Walioumia zaidi ni wale ambao hawakuwa na uwezo wa kwenda hospitali za kibinafsi wala muda wa kusubiri.

Tatu, ni hali ya uchumi. Elburgon ni mji uliojengwa na mbao. Marufuku ya ukataji miti ya 1999, na nyingine iliyotangazwa Februari 2018 na ambayo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, ziliwaacha wengi bila kazi katika viwanda vya kupasua mbao. Familia inayotegemea viazi, maziwa na vibarua haina akiba ya kuhimili maradhi ya muda mrefu, na baada ya Krismasi huja Januari na karo yake.

Basi jamaa wanaorejea nyumbani wafanye nini? Mara nyingi huja na sukari, mkate na blanketi, wakaketi nusu saa, wakapiga picha na mgonjwa, kisha wakaondoka. Zawadi si mbaya, lakini anayeuguza hubaki na mzigo ule ule, na juu yake vyombo vya wageni vya kuosha.

Lililo bora ni kuutumia mwezi huu, ambao ukoo wote uko pamoja, kufanya kikao. Kama tuna kamati ya mazishi, kwa nini tusiwe na kamati ya uuguzi? Kikao hicho kiamue nani atakaa na mgonjwa wiki ipi, ili binti au mke aliyekesha miezi mingi apate kulala. Kiamue nani atalipa nauli za kliniki, na nani atahakikisha dawa imechukuliwa kabla ya tarehe 20 Desemba.

Aidha, wanaweza kulipia bima. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, kiwango cha chini cha mchango ni Sh300 kwa mwezi, na walio nje ya ajira rasmi hutakiwa kulipa wa mwaka mzima. Kwa anayetozwa kiwango hicho, Sh3,600 ni chini ya bei ya mbuzi wa sikukuu.

Mgonjwa mwenyewe asisahaulike. Jamaa humficha ukweli kwa kudhani wanamhurumia, kumbe wanamnyima nafasi ya kusema anachotaka, kupatana na aliyekosana naye na kuwaaga watoto. Nao watoto walio likizoni huona kila kitu. Kunyamaziwa huwatia hofu kuliko kuelezwa kwa upole.

Hata hivyo, si haki kuutwika ukoo mzigo wote. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 humpa kila Mkenya haki ya kupata huduma bora zaidi za afya, na mwaka wa 2014 Kongamano la Afya Duniani lilizitaka nchi zote zijumuishe tiba shufaa katika mifumo yao. WHO inakadiria kuwa kati ya watu wanaohitaji huduma hii duniani, ni asilimia 14 pekee wanaoipata.

Jirani zetu wa Uganda wameonyesha kwamba umaskini si kisingizio. Kazi iliyoanzishwa na Hospice Africa Uganda mwaka wa 1993 iliifanya serikali kugharamia mofini kwa wagonjwa, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiagiza. Kaunti zetu zaweza angalau kuhakikisha kwamba hospitali kama ya Elburgon ina mofini na mwuguzi wa zamu wa tiba shufaa siku zote za sikukuu.

Wahenga walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Gari la Nairobi litakapoondoka Januari, kipimo cha Krismasi katika boma lenye mgonjwa hakitakuwa idadi ya wageni waliofika. Kitakuwa ni iwapo chupa ya dawa imejaa, na iwapo aliyekuwa akikesha peke yake sasa ana wa kupokezana naye.