MAMBO YA NYUMBANI: Sumaku za Felti za Kushikia Karatasi

Karatasi ndogo ndizo zipoteazo upesi nyumbani. Risiti ya maziwa hutiwa ndani ya kitabu, kikaratasi cha tarehe ya mtoto kurudi kliniki huanguka nyuma ya kitanda, na kadi ya ng'ombe aliyepandishwa kwa sindano huwekwa juu ya kabati ikasahauliwa. Siku ya 21 yapita bila mtu kutazama kama joto limemrudia, na mwenye ng'ombe hutambua baadaye kwamba amepoteza majuma matatu yasiyorudi. Msumari huharibu ukuta, gundi huharibu karatasi. Basi sumaku ndogo iliyovikwa felti, yaani kile kitambaa kizito cha sufu kisichofumwa, yaweza kufanya kazi kubwa kuliko urembo wake.

Wengi hudhani kuwa kitu hiki chawafaa wenye friji peke yao. Sivyo. Sumaku hushika chuma popote kilipo: mlango wa chuma, fremu ya dirisha, kabati la faili ofisini, hata ukuta wa mabati, kwa kuwa mabati ni chuma kilichopakwa madini mengine juu yake. Lakini haishiki sufuria za alumini, na masinki mengi yasiyoshika kutu huikataa vilevile. Yafaa kujaribu mahali penyewe kwanza, kabla ya kushika sindano.

Jambo la kupimwa kwa makini kuliko yote ni sumaku yenyewe. Iliyo bora kwa kazi hii hupatikana katika friji iliyotupwa. Ule mpira unaozunguka mlango wake ukipasuliwa kwa wembe, ndani yake hutoka utepe mweusi-mweusi unaopindika. Huo ni sumaku, iliyofanywa kwa unga wa madini uliochanganywa na mpira au plastiki. Hukatwa kwa mkasi wa kawaida, na fundi wa friji hana haja kubwa na mpira uliochakaa. Nguvu yake ni ndogo, nayo yatosha kushika karatasi moja au mbili. Mara nyingi upande mmoja huvuta zaidi ya wa pili, kwa hiyo kila kipande hujaribiwa kwenye chuma na upande wenye nguvu kutiwa alama ya kalamu.

Namna nyingine ni zile sumaku ndogo zing'aazo kama fedha, za duara au za vidonge, ambazo huitwa za neodimiamu. Zilibuniwa huko Japani na Marekani katika miaka ya 1980, na nguvu zake ni za ajabu kwa udogo wake. Mshonaji huzipenda kwa sababu hushika hata kupitia kitambaa kinene. Hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto akimeza moja, huenda ikapita tumboni bila kudhuru. Akimeza mbili, au moja pamoja na kipande cha chuma, moja huwa katika kunjo hili la utumbo na ya pili katika kunjo lile, nazo huvutana na kuubana utumbo katikati. Nyama iliyobanwa hukosa damu, hufa, na utumbo hutoboka. Dalili zake za kwanza ni kutapika na kuumwa na tumbo, jambo ambalo mzazi aweza kulidhania kuwa minyoo au chakula kibaya. Mtoto anayeshukiwa kumeza sumaku hapaswi kungojewa nyumbani hata zitoke zenyewe. Hupelekwa hospitali siku ileile, na daktari huambiwa waziwazi kwamba ni sumaku, ili apigwe picha ya eksirei mapema. Huko Marekani, mwaka 2022, serikali ilitoa kanuni kwamba sumaku zilizo huru, au ziwezazo kung'oka, katika vitu vya kuchezea watu wazima, kama zile seti za vigololi vya sumaku, ama ziwe kubwa zisizoweza kumezwa, ama ziwe dhaifu. Kipimo hicho chafaa jikoni pia. Utepe wa friji ni dhaifu, nao hukatwa vipande vya urefu wa sentimita 4.

Felti nayo haina haja ya kununuliwa dukani. Sweta kuukuu ya mitumba yatosha, mradi iwe ya sufu tupu. Kama kibandiko chake kimetoka, huchomwa uzi mmoja: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na majivu yake husagika vidoleni, lakini uzi wa kiwandani huyeyuka na kuacha shanga ngumu. Sweta ya uzi wa kiwandani haigeuki kuwa felti hata ikichemshwa kutwa. Ile ya sufu hutiwa katika maji ya moto yenye sabuni, hupigwapigwa kwa mti na kusuguliwa, husuuzwa kwa maji baridi, kisha hurudiwa tena na tena hata macho ya mfumo yasionekane. Kila unywele wa sufu una magamba madogo sana, na kwa joto na kusuguliwa hushikana yasiachane tena. Sweta husinyaa sana, jambo ambalo limewahi kuleta magomvi katika nyumba kadhaa pale ilipofuliwa hivyo bila kukusudiwa. Bali kitambaa kinachobaki hukatwa kwa umbo lolote bila kuchomoka nyuzi.

Umbo liwe jepesi: jani la chai, kibuyu, au kuku aliyelala. Lisipungue sentimita 6 kwa upana. Felti hukaa mbele tu. Ikiwekwa kati ya sumaku na chuma, nguvu hupotea karibu yote, kwani sumaku hudhoofika upesi sana kwa kila unene unaoongezwa. Nyuma huwekwa kipande chembamba cha kanga kuukuu. Utepe kwanza hushonewa mfuko wake mdogo wa kanga hiyohiyo, pande zote nne, na mfuko huo hushonwa juu ya kipande cha nyuma, upande wenye alama ukielekea nje. Ndipo felti hufunikwa juu, hujazwa vipunguzi vichache, na kushonwa ukingoni kwa uzi maradufu, kama ukingo wa blanketi ushonwavyo. Mshono wa nje ukiachia, sumaku bado imefungwa ndani ya mfuko wake. Vifungo na shanga za macho ya kuku haziwekwi penye mtoto mdogo. Jicho hutiwa kwa uzi.

Ikiisha kushonwa, huvutwa kwa mikono miwili kwa nguvu zote, pande zote. Iliyoachia hata jicho moja la mshono hurudiwa siku hiyo. Ikichafuka hufutwa kwa kitambaa chenye maji baridi na sabuni kidogo, wala haitiwi katika maji ya moto, maana felti itasinyaa mara ya pili na kukunja ile kanga ya nyuma.