Wenyewe Wako Hata Kiboko

Siku ile nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti. Nilikuwa nimemaliza kusoma shairi la beti saba, vina vyake vimekaa, mizani yake imetimia, mshereheshaji akapokea zamu na kuwaambia watu: "Mkamba wetu amejitahidi, lakini Kiswahili kina wenyewe." Ukumbi mzima ukacheka. Sikuwa nimekosea neno. Kosa langu lilikuwa kwamba nilitoka Kiboko.

Kauli hiyo imezoeleka hata hatuioni. Mwalimu humwambia mwanafunzi, mhariri humwambia mwandishi. Linaloniuma zaidi ni kwamba sisi watu wa bara tunajiambia wenyewe. Nimewasikia vijana wenye kipaji, hapa Makueni na ng'ambo ya mto Athi huko Kitui, wakisimama mbele za watu na daftari mkononi, na neno lao la kwanza ni kuomba radhi: "Mtanisamehe, mimi ni Mkamba." Wasamehewe kosa gani? Shairi hata halijasomwa.

Nasema bila kumung'unya maneno: imani kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya watu wa Pwani, na kwamba sisi wengine ni wageni tunaokaribishwa varandani, ni uongo. Tena ni uongo unaokanushwa na historia ya ushairi wenyewe.

Tuanze na zile sheria tunazochapwa nazo. Vina, mizani, mshororo, kituo: mtu akitaka kukuonyesha kwamba hujui kutunga, hukuhesabia mizani vidoleni. Kitabu kilichozipanga sheria hizo kwa Kiswahili, zikafundishika darasani, ni *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kilichotoka mwaka 1954. Mwandishi wake, Sheikh Kaluta Amri Abedi, hakuzaliwa Lamu wala Mvita. Alizaliwa mwaka 1924 Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mbali na Bahari ya Hindi kuliko Kiboko mara kadhaa. Rula tunayopimiwa ilichongwa na mtu wa bara.

Hayuko peke yake. Mathias Mnyampala, aliyeipa ngonjera sura tunayoijua, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Euphrase Kezilahabi, aliyezua ubishi mkubwa alipotoa *Kichomi* mwaka 1974 bila vina wala mizani ya mapokeo, alizaliwa kisiwani Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Mulokozi na Kahigi, wote watu wa bara, waliiita diwani yao ya mwaka 1976 *Malenga wa Bara*, na nadhani waliichagua anwani hiyo wakijua fika ni akina nani wangekunja uso. Hapa Kenya, Kithaka wa Mberia anatoka Tharaka. Kyallo Wadi Wamitila ni mtoto wa Ukambani, na mwanafunzi wa fasihi anayetaka maana ya istilahi, awe Mombasa au Zanzibar, huenda akafungua *Kamusi ya Fasihi* ya Wamitila.

Sitaki nieleweke vibaya. Pwani ndiko chemchemi iliko. Bila Pate na Lamu, bila Muyaka bin Haji wa Mombasa, bila utenzi ambao Mwana Kupona alimwachia binti yake, tusingekuwa na kisima cha kuchotea. Mimi mwenyewe nilijifunza kufunga kina kwa kumsoma Muyaka, na sioni aibu kumwita mwalimu wangu. Lakini mwanafunzi ana haki ya kuhitimu. Ukimfundisha mtu useremala, siku atakapotengeneza kiti chake hutamwambia kwamba mbao zina wenyewe.

Tena hao wenyewe waliupataje huo ushairi? Miongoni mwa maandishi makongwe kabisa ya Kiswahili tunayoyajua ni Hamziya, na Hamziya ni tafsiri. Aidarusi bin Athumani wa Pate aliuchukua utungo wa Kiarabu wa al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, akautia katika Kiswahili cha kaskazini. Mtu wa Pate alitazama kilichotungwa ng'ambo kwa lugha ya wengine, akaona kinamfaa, akakileta nyumbani. Hakuna aliyemwambia kwamba sifa za Mtume zina wenyewe. Shaaban Robert naye alimtia Omar Khayyam wa Uajemi katika Kiswahili mwaka 1952, akipitia Kiingereza. Abdilatif Abdalla wa Mombasa, aliyetunga *Sauti ya Dhiki* akiwa kifungoni, baadaye aliifasiri riwaya ya Ayi Kwei Armah wa Ghana na kuiita *Wema Hawajazaliwa*. Washairi wakubwa wa Pwani hawakujenga ukuta. Ukuta umejengwa na watu ambao wengi wao hawajatunga hata ubeti mmoja.

Njoo sasa Kiboko. Kwa apitaye kwa basi, sisi ni kituo kidogo kati ya Emali na Makindu katika barabara kuu ya Mombasa: nyanya, vitunguu, malori, na ule mto unaotunyweshea mashamba. Jina la mahali petu kila Mswahili hulielewa bila mkalimani. Kabla reli haijapita hapa mwishoni mwa karne ya 19, Wakamba walikuwa wamekwisha kuzoea njia ya kwenda pwani na pembe za ndovu. Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alipeleka misafara Mombasa. Misafara hiyo ilipatana bei kwa lugha gani huko sokoni? Kiswahili hakikuletwa Ukambani na mtaala wa shule. Babu zetu walirudi nacho mabegani pamoja na nguo na shanga.

Jirani yetu hapa kuna kituo cha utafiti wa kilimo, ambako mahindi hunyimwa maji makusudi ili ijulikane ni mbegu ipi inayostahimili ukame. Mahindi asili yake ni Marekani ya Kati. Leo muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ni chakula cha Mkamba, na hajatokea mtu wa kumwambia mama anayetwanga muthokoi kwamba mahindi yana wenyewe. Amepanda, amepalilia, ameonja njaa yalipokauka. Kwa kazi hiyo yamekuwa yake, na lugha humwia mtu yake kwa kazi ya namna hiyohiyo.

Kazi ya mshairi ina sehemu tatu, nazo zote kauli ile inazikata miguu.

Kwanza kuchapisha. Wachapishaji wengi wa Kenya wanaishi kwa vitabu vya shule, na diwani isiyo na tumaini la kutahiniwa hawaikimbilii. Hilo ni suala la biashara, naweza kulielewa. Nisilolikubali ni muswada kurudishwa kwa sababu ya jina la ukoo lililoandikwa juu yake. Wangu uliwahi kurudi na maneno mawili pembeni kwa kalamu nyekundu, "Kiswahili cha bara," bila sentensi moja kuonyesha kosa liko wapi. Nilikaa nao miaka miwili sandukuni. Kilichonitoa humo ni kumkumbuka mtu wa kaunti hiihii, David Maillu, aliyezaliwa Kilungu mwaka 1939. Alianzisha Comb Books, akajichapishia *My Dear Bottle* mwaka 1973 na *After 4.30* mwaka uliofuata, hadithi ndefu zilizopangwa kwa mistari kama mashairi. Wasomi walimbeza. Tanzania ilipiga marufuku vitabu vyake. Wasomaji walivinunua. Aliandika kwa Kiingereza, na si kila alichoandika ninakipenda, lakini aliona mapema kwamba mtu wa Makueni akingoja kuitwa atazeeka akingoja. Kithaka wa Mberia naye diwani zake, kuanzia *Mchezo wa Karata* ya mwaka 1997, zimetoka kwa Marimba Publications, kampuni yake mwenyewe. Basi nami nikauza mbuzi, nikachapa nakala mia mbili. Nyingi nimeziuza kwa mkono, Wote, Makindu na Kibwezi, kwa watu ambao hawakuniuliza nilizaliwa wapi.

La pili ni kutafsiri, na hapa ndipo pananichoma zaidi, kwa maana tumedharau hazina iliyo ndani ya nyumba. Wanaosema kwamba mtu wa bara hana ushairi wamtazame John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui. Dunia inamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Mwaka huohuo alitoa diwani. Kabla ya hapo, mwaka 1966, alikwisha kuchapisha ngano za Wakamba kwa Kiingereza, na alipokuwa amepita umri wa miaka 80, akiishi Uswisi, alikamilisha kazi ya kulitafsiri Agano Jipya kwa Kikamba moja kwa moja kutoka Kigiriki. Msomi aliyekwisha pata kila sifa aliketi tena kutafuta neno la Kikamba litakalolingana na neno la Kigiriki. Huyo alijua kwamba kutafsiri ni kutunga mara ya pili.

Wakamba wana desturi ya kuzipa njaa majina. Ile ya mwaka 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, kwa sababu iliingia kila mahali. Ile ya mwaka 1984 iliitwa Nĩkw'a Ngwete. Maneno mawili tu: nakufa, hali nimeshika. Kimeshikwa nini? Jina halisemi. Kila aliyeishi mwaka ule anajua ni pesa, kwani pesa zilikuwako na chakula cha kununua hakikuwako. Watu walioweza kuifunga balaa nzima ya uchumi katika maneno mawili, wakaliacha neno zito kuliko yote bila kulitamka, leo wanaambiwa na mshereheshaji kwamba wamejitahidi.

Nilitaka jina hilo liingie katika shairi langu la Kiswahili. Nilihangaika nalo majuma mengi. Kikamba kina irabu saba na Kiswahili tano, kina irabu ndefu zinazobadili maana, na pumzi ya mstari hukatika mahali pengine. Mwishowe nilipata "Nafa nazo mkononi." Ukihesabu, ni mizani minane, kipande kamili cha mshororo. Nilifurahi. Nilidhani nimemaliza.

Sehemu ya tatu ni mikutano. Watu huniuliza kwa nini ninajisumbua na vikao vya kina sisi, shuleni, kanisani baada ya ibada, chini ya mti sokoni, badala ya kwenda Nairobi kujulikana. Nairobi nimekwenda, na nitakwenda tena. Lakini Christopher Okemwa hakungoja Nairobi alipoanzisha Tamasha la Ushairi la Kistrech huko Kisii mwaka 2013, na washairi kutoka mataifa mbalimbali wakamfuata hukohuko milimani. UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani haikuandika kwamba iadhimishwe Mombasa. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa. Ya taifa! Kiboko imo ndani ya taifa. Na mshairi anayesoma mbele ya watu wa kwao hupata kitu ambacho hakuna mhakiki wa mjini awezaye kumpa: wasikilizaji waliokuwapo jambo lenyewe lilipotokea.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka jana, tarehe hiyo ya Julai. Tulikuwa kama watu arobaini, wengi wanafunzi, na nyuma kabisa walikaa wanawake waliotoka kufunga masanduku ya nyanya. Nilisoma shairi la njaa. Nilipofika "Nafa nazo mkononi" nilisita kidogo, nikingoja, kama afanyavyo mtu anayejua amefika mahali pazuri.

Bibi mmoja, susu kama tunavyowaita, akasimama. Alikuwa na leso kichwani na vidole vyeusi vya utomvu wa nyanya. Akasema kwa Kikamba, kwa upole, kwamba mwaka ule alikuwa na watoto wanne. Kisha akageukia Kiswahili, kile cha miaka mingi ya kupatana bei na madereva wa malori ya Mombasa.

"Mwalimu, hapo umesema mkononi. Mkononi hata jembe linakuwa mkononi. Ngwete si hivyo." Akainua mkono, akaukunja ngumi, akakaza mpaka mishipa ikatokeza. "Ni hivi. Unakaza, huachii, na hazikusaidii. Hiyo mnaita nini nyinyi?"

Mtoto mmoja wa darasa la saba akajibu: "Kufumbata."

"Eeh. Nafa nimezifumbata," akasema susu, akaketi.

Nikahesabu kwa vidole, mbele yao wote, bila haya. Na, fa, ni, me, zi, fu, mba, ta. Minane. Nikaomba kalamu, nikafuta mstari wangu.