Madereva wa Safari wana deni la maneno

Mwezi Machi mwaka 2025, mbio za magari za Safari zilipokuwa zikifanyika Naivasha, lilitokea jambo ambalo mashabiki wengi walilishangaa na ambalo sisi wanaisimu tulilipita kimya kimya, kana kwamba halikutuhusu. Kwa desturi, dereva anapofika mwisho wa mkondo, yaani kile kipande cha njia ambacho gari hupimwa kwa saa, hunyoshewa kipaza sauti kabla hata hajavua kofia, naye husema neno. Safari hiyo madereva wakuu wa dunia walikuwa wametangaza, kupitia umoja wao, kwamba ama watanyamaza, ama watajibu kwa lugha ya mama.

Chanzo kilikuwa Uswidi. Mwezi mmoja kabla, Mfaransa Adrien Fourmaux alitamka mbele ya kipaza sauti neno la Kiingereza lisilo la adabu, akieleza jinsi yeye na mwenzake walivyoharibu mambo siku iliyotangulia. Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, likamtoza faini ya yuro 10,000, na nyingine 20,000 zikawekwa kama onyo endapo angerudia. Madereva wenzake hawakusema kwamba matusi ni mema. Walisema kwamba mtu aliyetoka kwenye hatari dakika moja iliyopita hawezi kupimwa kwa kipimo cha mtu aliyekaa kwenye kiti cha mkutano na wanahabari. Maelewano yalipatikana hatimaye, na mwezi Mei mwaka huo huo shirikisho likapunguza kiwango cha msingi cha faini kutoka yuro 10,000 hadi 5,000, na kutofautisha mazungumzo ya mahali rasmi na yale ya mchezoni penyewe.

Mwalimu wa Kiswahili atakayesoma habari hii huenda akaegemea upande wa shirikisho. Sisi ni watu wa lugha ya ungwana. Tumelelewa kuamini kwamba kinywa kisichochujwa humwaibisha mwenyewe. Sina ugomvi na malezi hayo. Hata hivyo, sarufi yetu wenyewe inatufundisha kutofautisha. Tusi humlenga mtu. Kihisishi hakimlengi mtu. Humtoka msemaji kama pumzi. Neno la Fourmaux, kwa kazi yake katika sentensi ile, lilikuwa karibu zaidi na kihisishi kuliko tusi, maana aliyelaumiwa nalo ni yeye mwenyewe na mwelekezi wake. Angeweza kuchagua neno bora, naam. Lakini alikuwa akisema kweli, tena kweli ya aina ambayo shabiki huisubiri: kwamba amekosea.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Shabiki anataka kusikia nini kutoka kwa dereva? Msikilize dereva aliyefunzwa na wadhamini: anaishukuru timu, analisifu gari, anasema siku ilikuwa ngumu lakini wanatazama mbele. Maneno hayo yangeweza kusemwa na mwogeleaji, au na waziri anayezindua bwawa. Hayana kona, hayana jiwe, hayana pancha. Shabiki aliyesimama juani saa nne ili alione gari kwa muda wa sekunde kumi hakuja kupewa shukrani. Anataka aambiwe kilichotokea katika zile dakika ishirini ambazo yeye hakuziona: ulishika breki wapi, uliogopa nini, mwelekezi alisema nini ukakataa kumsikia.

Katika Taita Taveta njaa hii ni ya zamani. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa miaka mingi zilifanyika wakati wa Pasaka, mvua zikianza, katika barabara za kawaida ambazo hazikufungwa, na milima ya Taita ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoheshimiwa kwa kona zake nyembamba na utelezi wake. Mwulize mzee wa Mwatate aliyekuwa kijana siku hizo. Atakutajia Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976. Atakutajia Shekhar Mehta na ushindi wake mara tano, wa kwanza mwaka 1973 alipolingana alama za adhabu na Harry Källström wa Uswidi, ikabidi mshindi atafutwe kwa kuangalia ni nani aliyekwenda mbali zaidi bila adhabu. Atakutajia hata magari waliyoendesha. Kisha mwulize: Joginder alieleza vipi namna alivyopita matope yaliyowashinda wengine? Uwezekano mkubwa ni kwamba hatakuwa na la kukuambia. Sifa za madereva zilifika vijijini kwa redio. Maarifa yao yalibaki katika magazeti ya Kiingereza na katika vilabu vya Nairobi.

Mbio hizo ziliondolewa katika ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002. Ziliporudishwa mwaka 2021 zilirudi Naivasha, si huku. Kilichotubakia ni yale mashindano ya magari ya kale yaliyoanzishwa mwaka 2003, ambayo mara kadhaa yamepita Taita na Tsavo na kutuachia vumbi. Kwa hiyo kijana wa Voi leo huufuata mchezo huu kwa simu na televisheni, na kwake maneno ya dereva si nyongeza. Ndiyo karibu yote aliyo nayo.

Turudi kwenye mgomo wa Naivasha, kwani una kejeli ambayo mwanaisimu hawezi kuiacha. Lugha ya mama ilitumiwa na madereva kama namna ya kunyamaza. Walijua kwamba wakisema Kifini, Kiestonia au Kijapani, dunia nzima haitaelewa, na faini haitatozwa kwa urahisi. Kumbe ndani ya gari mambo ni kinyume kabisa. Kabla ya mashindano, dereva na mwelekezi hupita njia mara mbili kwa mwendo wa kawaida, wakiandika kila kona katika daftari: upande wake, ukali wake kwa tarakimu, umbali hadi kona ifuatayo, kama inafunga au inafunguka, kama kuna jiwe ndani yake. Siku ya mashindano mwelekezi husoma na dereva hutii pasipo kuona. Daftari hilo huandikwa kwa lugha ambayo masikio huipokea bila kufikiri. Kalle Rovanperä na Jonne Halttunen walisomeana Kifini. Ott Tänak na Martin Järveoja, Kiestonia. Takamoto Katsuta, Mjapani, alipoelekezwa na Aaron Johnston wa Ireland, walitumia Kiingereza, maana hapakuwa na nyingine ya kuwaunganisha. Katika mwendo wa kilomita mia na sitini kwa saa, lugha ya mama ni chombo cha kuokoa maisha. Mlango ukifunguliwa tu, inageuka kuwa kitu cha kufichia maneno.

Sisi Wakenya tunaujua mgeuko huo. Wako walimu wanaosoma makala haya ambao walivishwa kibao shingoni kwa sababu walinena Kidawida, Kisaghala au Kitaveta ndani ya uwanja wa shule. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na ikaiagiza serikali kuzikuza lugha za wananchi. Lakini mchezaji wetu akisimama mbele ya kipaza sauti, bado anahisi kwamba Kiingereza ndicho kinachomfanya aonekane mtaalamu, hata pale anapokizungumza kwa woga na anayemwuliza ni Mkenya mwenzake.

Wanafunzi wa kidato cha nne wanaijua mada ya sajili ya michezo. Wanakariri sifa zake: sentensi fupi, urudiaji, chuku, msamiati maalumu. Chunguza mifano iliyomo katika vitabu na utaona kwamba karibu yote ni sauti ya mtangazaji wa kandanda. Hilo si ajabu, maana Kiswahili kimebarikiwa watangazaji. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki mwezi Februari mwaka 2025, aliifanya redio ionekane kama dirisha. Lakini mtangazaji husimulia kutoka nje. Mchezaji mwenyewe, anayejua kutoka ndani, hana sajili tuliyoifundisha wala kuichunguza. Tumeielezea nusu ya lugha ya michezo, tukaipa jina la nzima.

Matokeo yake huonekana katika msamiati. Lile vumbi laini kama unga linaloficha mawe katika njia za Naivasha, madereva hulitaja kwa neno la jangwa la Afrika Kaskazini, feshfesh. Ni neno zuri, na sina chuki na maneno ya kukopa. Lugha yetu ingekuwa fupi sana bila hayo. Lakini mtu wa Voi, aliyezaliwa katika udongo mwekundu na tifutifu, anapolisikia hudhani kwamba dereva anazungumzia kitu cha ajabu ambacho hajapata kukiona. Kumbe amekikanyaga asubuhi hiyo akienda sokoni.

Najua jibu litakalotolewa. Wadhamini ni wa kimataifa, watazamaji ni wa mabara yote, na Kiingereza ndicho kiungo chao. Ni kweli, na dereva anayelipwa na kampuni ya ng'ambo hana budi kusema nao. Lakini hakuna mdhamini anayekataza dakika mbili za pili. Karan Patel, bingwa wa Afrika mwaka 2023 na 2024, amekimbia katika nchi zetu za Afrika Mashariki ambako Kiswahili kinasikika kila upande wa njia. Maxine Wahome alishinda kitengo cha WRC3 katika Safari ya mwaka 2022, na wasichana wengi wa shule wangependa kumsikia akieleza, pole pole na kwa lugha ya darasani mwao, jinsi gari linavyoshikwa linapoanza kuteleza.

Tena si suala la burudani tu. Barabara kuu ya Mombasa inapita Voi, na vijana wetu wa bodaboda huwaiga madereva wa mbio kwa kile wanachokiona: kasi. Kisichoonekana ni kwamba kasi hiyo imetanguliwa na siku mbili za kuandika daftari, na kwamba dereva hodari ni yule anayepunguza mwendo mapema. Kijana hawezi kuiga tahadhari ambayo hajasimuliwa.

Mwalimu anaweza kuanza bila kumsubiri dereva. Wape wanafunzi barabara ya kupanda Wundanyi kutoka Mwatate, waiandike kama daftari la mwelekezi: "Kulia tatu, inafunga, usikate, hatua hamsini, mgongo, kisha kushoto mbili, korongo nje." Waifanye kwa Kiswahili, halafu kwa Kidawida, wapime ni ipi inayofika sikioni upesi. Watagundua upungufu wa istilahi, watabishana, watabuni. Na magari ya kale yakipita Taita tena, wawepo wanafunzi kando ya njia wenye maswali yaliyoandaliwa: ulishika breki wapi, jiwe lile uliliona saa ngapi, na hilo daftari lako limeandikwa kwa lugha gani?